Mama wa Likoni na meli ya mwaka 1998

Swali: "Sisi ndugu watatu tunaishi Atlanta. Mama yetu, miaka 69, anatoka Likoni, Mombasa, kuja kututembelea Februari, na tumemwandalia zawadi: safari ya baharini ya siku tano kutoka Tampa, Florida, kupitia visiwa vya Grand Cayman na Cozumel (Meksiko), kisha kurudi Tampa. Bei ilikuwa nzuri mno. Tulipokwisha kulipa arubuni ndipo tukagundua meli ni ya mwaka 1998. Shemeji yetu anasema meli nzuri zimepelekwa Miami, Tampa wameachiwa makuukuu, na kwamba tutalala chumba kinachonuka, choo kibovu, na injini itatuzimikia katikati ya bahari. Mama naye, alipoambiwa meli ni ya zamani, alinyamaza kimya. Alikuwapo Likoni mwaka 1994. Ana presha na sukari, anameza vidonge kila siku. Tubadilishe meli? Na tukienda na hii, tutarajie nini?"

Shemeji nitamjibu, lakini nianze na Mama, maana kunyamaza kwake kunasema mengi kuliko hayo ya shemeji. Mtu wa Likoni wa rika lake ukimwambia chombo ni cha zamani, hawazi bwawa la kuogelea wala muziki wa jioni. Inamjia tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, hapohapo Likoni, ilivyopinduka karibu kabisa na nchi kavu, ikaondoka na watu 272. Mimi ni wa ng'ambo hiyohiyo. Nilifanya kazi miaka kumi na moja katika chumba cha injini cha meli za kitalii za Karibi, na kila nikirudi nyumbani likizo mamangu aliniuliza swali moja tu: "Hiyo meli yenu inajaza watu?" Hakuniuliza hata siku moja ina miaka mingapi. Baada ya miaka hiyo yote chini kwenye mashine, naona aliuliza swali lililo bora kuliko la shemeji yenu.

Tazameni ajali zetu wenyewe. MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria Mei 1996, ilikuwa haijafikisha miaka ishirini. MV Spice Islander, iliyozama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011, ilikuwa ya mwaka 1967, kongwe kweli. Umri mbalimbali, lakini zote mbili zilibeba kupita uwezo, sawa na ile ya Mtongwe. Upande wa pili iko MV Liemba: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa makusudi na Wajerumani wenyewe wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaibuliwa, na kuanzia 1927 ikafanya kazi Ziwa Tanganyika kwa miongo na miongo. (Kiwanda kilichoiunda, Meyer Werft, hadi leo kinaunda meli kubwa za kitalii. Mwambieni Mama hilo, wazee hupenda kujua fundi ni nani.)

Chombo husaidiwa kusimama wima na uzito wake kuwa chini. Aliyepanda ngalawa anajua: mkikaa wote, inatulia, watatu wakisimama kutazama pomboo, inalewa. Katika feri ndogo abiria ndio mzigo mkubwa, na mzigo huo una miguu, unaweza kuhamia upande mmoja kwa ghafla. Meli kama yenu ina urefu wa mita 260 hivi, na injini zake, mafuta na matangi ya maji yamelazwa chini kabisa, chini ya usawa wa bahari, maelfu ya tani. Abiria elfu mbili wakikimbilia upande mmoja kutazama machweo, nahodha ataona mwinamo mdogo kwenye kipimo chake. Mama aliye kitini na chai yake pengine hatausikia.

Halafu ipo hesabu ya watu, ambayo ndiyo ingemtuliza mamangu. Kila abiria hupewa kadi yenye picha yake kwenye kompyuta; akipanda inasomwa, akishuka inasomwa. Nahodha anajua idadi ya walio ndani kwa kichwa kimoja kimoja. Sheria ya kimataifa ya usalama wa meli inataka mashua za kuokolea na maboya ya kujaza upepo yatoshe asilimia 125 ya waliomo, yaani wote na robo ya ziada. Na kabla meli haijaondoka, au mara tu ikiondoka, kila abiria lazima aelekezwe kituo chake cha kukusanyikia pakitokea hatari. Zamani mlikuwa na saa 24 za kufanya hivyo. Utaratibu ulikazwa kuanzia 2015 kwa sababu ya Costa Concordia, iliyogonga mwamba Italia Januari 2012 na kuua watu 32. Siku hizi kampuni nyingi zinawaonyesha video kwenye simu kisha mnakwenda kituoni kuhakikiwa. Msimwache Mama chumbani "apumzike" wakati huo. Nendeni naye, aione mashua yake kwa macho, aione imeandikwa inabeba watu wangapi. Kwa mtu mwenye kumbukumbu kama zake, kuliona lile boti la rangi ya machungwa likining'inia juu ya kichwa chake ni dawa.

Sasa shemeji na Tampa yake. Ukitoka bandari ya Tampa kwenda bahari kuu, lazima upite chini ya daraja la Sunshine Skyway, lililofunguliwa 1987. Toka maji hadi tumbo la daraja ni mita 55 hivi. Majitu ya siku hizi hayapiti hapo. Icon of the Seas iliyoanza kazi 2024, ambayo ujazo wake ni zaidi ya mara tatu ya meli yenu, ingebaki upande wa pili ikilitazama daraja. Ndiyo maana Tampa imekuwa makao ya meli za ukubwa wa kati, na meli za ukubwa huo nyingi ziliundwa miaka ya tisini: Grandeur of the Seas ni ya 1996, Carnival Paradise ni ya 1998. Zimewekwa pale kwa sababu ya kimo chao. Siku ya kuondoka, pandeni deki ya juu saa meli inapokaribia daraja. Kila mtu huinua shingo, na kila mtu kwa sekunde chache huamini bomba la moshi litagonga.

Lakini katika hilo la injini kuzimika shemeji ana chembe ya ukweli, na sitawaficha. Meli yoyote inaweza kupata moto kwenye chumba cha injini. Carnival Splendor ilipata Novemba 2010 ikiwa na miaka miwili tu tangu ianze kazi. Viking Sky ilizimika injini katika dhoruba pwani ya Norway Machi 2019, nayo ilikuwa ya 2017. Kwa hiyo upya haukingi. Tofauti inakuja baada ya tukio. Meli kubwa za abiria zilizoanza kuundwa kuanzia Julai 2010 zinatakiwa zigawanye mitambo yake ili chumba kimoja cha injini kikiungua, kingine kiweze kuirudisha meli bandarini na abiria wakiwa na maji, vyoo na mahali salama pa kukaa. Meli ya 1998 haikuundwa kwa sheria hiyo. Ikipata balaa la namna hiyo, jenereta ya dharura, ambayo huwekwa juu mbali na chumba cha injini, itawasha taa za njiani, redio na pampu za moto. Haitaendesha jiko wala kiyoyozi, wala mtambo wa vyoo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Carnival Triumph, meli ya 1999, Februari 2013: moto ulizimwa, hakuna aliyekufa kwa moto huo, lakini abiria walikaa siku kadhaa katika Ghuba ya Meksiko bila vyoo hadi walipovutwa kufika Mobile, Alabama. Baada ya aibu ile kampuni ilitangaza kutumia dola milioni 300 kwenye meli zake zote, kuongeza umeme wa dharura na kinga ya moto, na chama cha kampuni za meli kikaandika haki za abiria, mojawapo ikiwa kurudishiwa nauli yote safari ikifutwa kwa ubovu wa mitambo. Matukio ya namna hii ni machache mno ukilinganisha na safari zinazofanyika kila wiki. Ila ukiniuliza umri wa meli unabadilisha nini kwa upande wa hatari, jibu langu ni hilo: ikiharibikiwa, itawatesa zaidi kabla haijawafikisha.

Na inakaguliwa na nani? Na wengi. Shirika la uainishaji wa meli, mathalani Lloyd's Register au RINA, hupima chuma chake, na meli ya abiria hupandishwa chelezoni (gati kavu la matengenezo) kutazamwa tumbo lake, kwa kawaida mara mbili katika kila miaka mitano. Walinzi wa Pwani wa Marekani huingia mara mbili kwa mwaka, nao hawaji kunywa kahawa. Nimewaona wakichagua mlango mmoja wa kuzuia maji kati ya yote, wakasema: huu, ufungeni sasa hivi. Usafi hukaguliwa na CDC, idara ya afya ya umma ya Marekani, bila taarifa, kwa alama kati ya 0 na 100, na alama 85 kushuka chini ni kufeli. Alama hizo ziko wazi mtandaoni kwa jina la meli. Zitafuteni leo. Tafuteni pia mara ya mwisho meli yenu kuingia chelezo ilikuwa lini. Ikiwa ni ndani ya miaka miwili mitatu, mazulia, magodoro na mabomba mengi yatakuwa yameguswa. Ikiwa imebaki miezi michache iingie tena, tarajieni mtakutana nayo imechoka.

Imechoka vipi? Hapa ndipo maisha ya meli ya zamani yalipo, tuingie ndani.

Chumba cha ndani, kisicho na dirisha, kina mita za mraba 13 hadi 17 hivi. Kuta ni za chuma, sumaku inashika, kwa hiyo bebeni ndoano za sumaku za kutundikia buibui na taulo. Soketi ni moja au mbili, za Kimarekani, kwa kawaida karibu na kioo, kwa sababu mwaka 1998 hakuna aliyewaza kila mtu atakuwa na simu ya kuchaji. Waya za kuongeza soketi mara nyingi hunyang'anywa langoni kwa sababu ya hatari ya moto. Chukueni chaja moja yenye matundu mengi ya USB. Vyumba vyenye baraza ni vichache kwenye meli za rika hili. Bafu ni dogo, na pazia la bafu litamshika mgongoni anapooga, hilo halina dawa. Hakuna kopo wala bomba la kujitawazia, basi Mama aje na chupa yake ya plastiki.

Choo hufyonza kwa hewa, kama cha ndege. Mabomba ya vyumba vingi huungana, na ndani yake hamna hewa ya kutosha, ndiyo maana ukibonyeza kila kitu huvutwa kwa kishindo. Mtu mmoja chumba cha juu akitupa kitambaa cha mtoto, vyumba kumi vinakosa choo. Nimetoa humo vitu ambavyo sitavitaja hapa. Kwenye meli ya zamani mabomba hayo yamejenga ukoko ndani, njia imekuwa nyembamba, kwa hiyo huziba upesi. Choo kikikataa, msibonyeze mara kumi. Pigeni simu mapokezi mara moja, kisha tumieni vyoo vya deki ya mgahawa, ambavyo mara nyingi viko kwenye njia nyingine ya mabomba. Harufu ya mtaro inayopita dakika mbili tatu ni ya kawaida. Ikikaa chumbani, mwageni maji kwenye tundu la sakafu ya bafu: maji yaliyopo humo kama kizibo yakikauka, harufu hupanda. Isipokwisha, ombeni kuhamishwa, tena siku ya kwanza, kabla vyumba vilivyobaki havijagawiwa.

Mtaona pia feni za kukausha zulia zikivuma kwenye korido. Usiku mmoja, yapata saa nane, niliitwa deki ya sita. Bomba la maji moto juu ya dari lilikuwa limetoboka tundu dogo kama la sindano, zulia limelowa toka mlango hadi mlango. Bibi mmoja alisimama pale na gauni la kulalia, viatu mkononi, akaniuliza kwa sauti ndogo kama tunazama. Nilichovya kidole, nikaonja, nikamwambia: maji baridi. Kwa Kiingereza nilisema si ya chumvi, lakini kichwani nilisema kama tusemavyo pwani, ambako maji yasiyo ya chumvi huitwa baridi hata yakiwa moto. Maji yanayowalowesha abiria kwenye meli ya zamani karibu kila mara ni ya meli yenyewe, yametengenezwa humo humo kwa kuchemsha au kuchuja maji ya bahari, na mabomba yanayoyabeba yanazeeka kabla ya chuma cha nje. Yanaudhi, lakini hayazamishi.

Kelele nazo. Vyumba vya chini vya tezi (nyuma ya meli) hutetemeka kwa rafadha (panga linaloisukuma meli), hasa meli inapopunguza mwendo na kuingia bandarini. Vyumba vya omo (mbele ya meli) husikia nanga, na pale Grand Cayman mnyororo wake ukishuka alfajiri utadhani nyumba inabomolewa. Chumba kizuri ni cha katikati, deki ya chini kidogo, chenye vyumba juu yake na vyumba chini yake, kisiwe chini ya ukumbi wa dansi wala jiko. Hapo pia ndipo meli inapoyumba kidogo kuliko kwingine, kama katikati ya pembea.

Bahari ya Februari. Hamko katika msimu wa vimbunga, ambao ni Juni hadi Novemba, hilo ni jema. Lakini wakati wa baridi pepo za kaskazini hushuka kutoka bara la Marekani na kuichafua Ghuba ya Meksiko kwa siku moja mbili. Meli ina mapezi mawili chini ya maji, kama ya samaki, yanayojigeuza kupunguza mrama. Yanasaidia sana meli isilale upande huu na huu, lakini omo ikipanda wimbi na kushuka, mapezi hayana la kufanya. Kwa Mama, kichefuchefu si jambo la kuchekwa. Akitapika na hali chakula, huku anaendelea kumeza vidonge vya sukari na vya presha kwa mazoea, sukari yaweza kushuka na maji yakamwishia mwilini. Mimi ni fundi wa injini, siyo daktari. Aende kwa daktari wake Mombasa kabla ya kupanda ndege, aulize mambo matatu: dawa gani ya kichefuchefu inamfaa (vile vibandiko vya nyuma ya sikio vina hatari kwa wenye presha ya macho, na huwavuruga akili baadhi ya wazee), afanye nini na vidonge vyake akishindwa kula, na kama hali yake inaruhusu safari yenyewe. Dawa zote abebe mkononi katika pakiti zake, za siku zaidi ya safari, pamoja na karatasi ya daktari.

Kliniki ipo melini, yenye daktari na wauguzi. Inapima moyo, inatundika maji, inamtuliza mgonjwa mpaka bandari. Si hospitali. Kila huduma inaandikwa kwenye bili ya chumba chenu, na kumtoa mgonjwa melini kwa helikopta au ndege kunaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola. Bima ya safari inayotaja matibabu na usafiri wa dharura, na inayokubali maradhi aliyonayo tayari, kwa Mama ni lazima. Someni hicho kipengele cha maradhi ya awali kabla ya kulipa; mara nyingi kinataka bima inunuliwe siku chache tu baada ya arubuni, na nyinyi arubuni mmeshalipa. Shughulikieni hilo wiki hii.

Grand Cayman haina gati la meli kubwa. Meli hutia nanga mbele ya George Town, na abiria hushuka kwa mashua. Mnavuka kutoka mlango wa meli hadi mashua inayopanda na kushuka, mabaharia wawili wakimshika mtu mikono. Kwa mtu wa Likoni mwenye kumbukumbu ile, hatua hiyo moja yaweza kuwa ngumu kuliko safari nzima. Mwelezeni mapema, na akitaka kubaki melini abaki, mmoja wenu akae naye. Tena upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma, nahodha hufuta kituo hicho na kupita. Mkataba wa tiketi unamruhusu, na mtakachorudishiwa ni ada za bandari tu. Cozumel kuna gati, anashuka kwa miguu yake.

Jambo ambalo hamkuuliza, nami naliona kubwa kuliko choo, ni visa. Safari hii inatoka nje ya Marekani na kurudi. Itazameni visa ya Mama, sehemu iliyoandikwa Entries: iwe na herufi M, yaani kuingia mara nyingi. Ikiwa ni ya kuingia mara moja, ameshaitumia uwanja wa ndege, na huenda akakataliwa kupanda meli Tampa, au baya zaidi, akatatizika wakati wa kurudi. Meksiko huwakubali wenye visa halali ya Marekani bila visa yake. Kwa Cayman na masharti ya meli yenyewe, iulizeni kampuni kwa maandishi, mkitaja pasipoti ya Kenya. Wenye green card bebeni kadi na pasipoti. Wala msidhani kurudi kwa meli kunamwongezea Mama muda wa kukaa. Kwa safari fupi kama hii kwa kawaida hurudishwa kwenye muda uleule aliopewa mwanzo. Kama amewahi kupitiliza siku au kuomba nyongeza, mwoneni wakili wa uhamiaji ana kwa ana kabla ya kusogea.

Mengine kwa ufupi. Msipange miadi Atlanta asubuhi ileile ya kurudi, kwani ukungu wa Februari hufunga ghuba ya Tampa na meli husubiri nje saa kadhaa. Mfike Tampa siku moja kabla. Chakula cha halali kiombwe wiki kadhaa mbele, kwa barua pepe, kisha mkumbushe mkuu wa mgahawa jioni ya kwanza. Kwenye meza za kujipakulia samaki na mboga zipo, lakini nyama ya nguruwe hujificha kwenye supu na maharage. Bakshishi huongezwa yenyewe, dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, kwani ile dawa ya kupaka haiwezi sawasawa virusi vya kuharisha vinavyopenda meli. Na wafanyakazi wengi huvaa beji yenye jina na nchi. Mkipata Mkenya, Mama atakula vizuri kuliko abiria wote.

Je, mbadilishe? Meli mpya ya Miami au Port Canaveral itawapa baraza, soketi nyingi, mitambo iliyogawanywa, na mteremko wa maji ambao Mama hatauteremka. Itawapa pia watu elfu tano na zaidi, korido zisizo na mwisho, foleni ya lifti, na bei ya juu. Kwa mwanamke wa miaka 69 mwenye sukari, meli ambayo toka chumbani hadi mgahawani ni mwendo wa dakika tatu ina heri yake. Hizi za miaka ya tisini mara nyingi zina deki ya kutembea karibu na maji na madirisha mapana ya kutazama bahari, vitu ambavyo meli mpya wamevipunguza ili wauze baraza. Mimi ningebaki na meli, nikaongeza pesa kidogo nipate chumba cha katikati chenye dirisha. Mwenye hofu ya maji asifungiwe mahali asipoona maji, atasikiliza kila mlio usiku kucha. Ila alama za CDC zikiwa mbaya mara mbili mfululizo, au ikiwa kampuni haitaki kuwajibu kwa maandishi kuhusu visa, badilisheni bila kujadili.

Hayo yote yanategemea Mama akubali, na mpaka sasa hajasema neno. Kwenye karatasi yenu ya malipo pana tarehe ya malipo ya mwisho, kwa kawaida miezi miwili na nusu au mitatu kabla ya safari. Kabla ya tarehe hiyo mkifuta, kwa tiketi nyingi mnapoteza kidogo au hampotezi kitu, kutegemea aina ya arubuni. Baada yake mnapoteza nyingi. Mpigieni simu mmoja wenu, yule anayemsikiliza zaidi, akiwa peke yake. Asimwambie meli ni salama. Amuulize mwaka 1994 alikuwa wapi siku ile, amsikilize hadi amalize, kisha ndipo amuulize kama anataka kwenda.